Mashine Namba Tatu

Walipokizima kiwanda ilikuwa Jumatano, saa nane mchana,
na mto Kymi ukasikika mjini
kwa mara ya kwanza tangu bibi yangu azaliwe.
Watu walitoka nje kuusikiliza.
Baba hakutoka.
Alikaa jikoni, kiganja juu ya meza,
kama mtu apimaye homa ya ubao.

Miaka thelathini na minane aliiendesha mashine namba tatu,
ndefu kuliko kanisa letu,
ikimeza uji wa misonobari upande huu
na kutema karatasi upande ule,
usiku na mchana, Krismasi na sikukuu ya kiangazi,
ikivuma hadi vijiko vikatetema kabatini,
hadi maji ya glasi yakavaa miduara,
mmoja ndani ya mwenzake.
Tulizaliwa humo. Hatukujua kuwa ni sauti.

Kimya kingi kina mshindo mkuu.
Usiku wa kwanza hakulala.
Wa pili hakulala.
Wa tisini nilimkuta bafuni, saa tisa za usiku,
mashine ya kufulia inazunguka,
naye ameiegemea kwa mgongo, macho kayafumba.
"Nafua," akasema.
Ndani hamkuwa na hata soksi.

Vidonge vya daktari vilimlaza gunia,
akaamka gunia.
Ndipo shangazi Tellervo akataja jina la Riikka
na chumba chake chini ya zahanati,
chenye kitanda kilichoficha spika tumboni.

"Kitanda kinachonguruma!" Baba akacheka, cheko la pembeni.
"Wamenipokonya ngurumo bure,
sasa wananiuzia kwa saa."
Lakini viatu alivaa.

Riikka hakuwa na ubani, wala mshumaa,
wala maneno matamu ya kumbembeleza mtu.
Alikuwa na blanketi la kijivu, daftari, na kitufe.
"Lala chali. Ukichoka, inua mkono."
Akaanza na mitetemo thelathini kwa sekunde:
iliishia magotini.
Sitini: ilimwasha meno.
Akashuka taratibu, hamsini, arobaini na saba,
arobaini na tatu, arobaini —
"Rudi," Baba akasema.
"Kidogo. Umepita. Rudi tena."
Na mkono wake wa kulia, juu ya blanketi,
ukawa unafungua vali ambayo haipo,
robo mzunguko, nusu ya robo,
mpaka vidole vikatulia.
"Hapo."

"Hapo ni wapi?" Riikka akauliza, kalamu tayari.
"Namba tatu. Zamu ya usiku. Jumapili.
Karatasi nyembamba."

Kisha mdomo ukafunguka, akalala.
Alilala kama mtoto aliyebebwa,
mabega yakishuka moja baada ya jingine,
lile la kushoto likisita, likishuka.
Mimi nikaweka kiganja kwenye fremu ya kitanda.
Uvumi ukapanda kiwikoni, ukafika kifuani,
na nikaiona glasi yetu ya jikoni,
nina miaka sita, nahesabu miduara
nikingoja arudi na harufu ya mvuke.
Dawa ya moto ni moto, husema watu.
Sikujua hata kelele
inaweza kuwa dawa ya kimya.

"Kwa nini inafanya kazi?" nikanong'ona.
Riikka akainua mabega.
"Wengine husema damu. Wengine, mishipa.
Mimi huwa naandika namba tu."
Akaandika: arobaini na mbili.

Saa ilipoisha, kimya kikarudi,
lakini safari hii kilibisha hodi kwanza.
Baba akakaa kitako, akatafuta viatu kwa miguu,
akapewa kadi ya miadi ya wiki ijayo.
Hakuisoma. Aliisugua kwa kidole gumba,
akaikunja pembe, akaisikiliza ikikunjuka.

"Si yetu hii," akasema. "Hafifu."
Akaitia mfuko wa ndani,
ule wa moyoni,
akafunga kifungo.