Mwaka wa Ishirini, Kiwanda cha Sufu

Virve hakuandika hotuba.
Ameleta bunda la funguo zenye kutu
na keki ya shayiri iliyobonyea upande mmoja.

Mitambo ilipouzwa kama chuma chakavu
mji ulicheka: wasanii? Watakula nini, rangi?
Akaja wa kwanza, mchongaji, Eleuterio,
akalala siku kumi na moja.
Ya kumi na mbili akautengeneza mlango
uliokuwa ukilia tangu enzi za Wasovieti,
akaenda zake.

Hakuna sanamu. Mlango tu.

Usiku huu mto Võhandu umeganda.
Wageni wanaingia wakikung'uta theluji,
wanausukuma, wanaupita bila kuuona.
Virve peke yake anausikiliza
ule ukimya wa bawaba,
kisha anakata keki,
kipande cha kwanza kikubwa mno.