Nakala Sitini

Meza yangu ilikuwa ya pili kutoka chooni,
ndani ya ghala la zamani huko Valparaíso
ambamo siku za kazi hufundishwa ndondi.
Kamba za ulingo hatukuzifungua.
Tuliziangikia mabango, yakakauka.

Mimi nauza nini? Paka wa mtaani kwetu,
kurasa kumi na sita, penseli tupu.
Siasa yao ni kula, kulala na kukwaruza.
Nasema mapema, asije mtu akanivika ushujaa.

Jirani yangu wa gulio, Domitila Astudillo,
alipanda basi saa tisa usiku, bondeni kwao,
amepakata sanduku la viatu,
na ndani yake nakala sitini za kijarida kisicho na jina.
Jalada la gunia. Uzi wa fundi viatu.
Kila ukurasa mwaka mmoja, na kila mwaka
mto uleule, umechorwa kwa tope lake wenyewe:
alipoolewa mamake, mnene kama mkono wa mwokaji;
alipozaliwa yeye, kidole;
alipoanza shule, unywele.
Juu, pembezoni, miparachichi ikizidi kupanda kilima.
Ukurasa wa mwisho hauna mto.
Una vumbi, limebandikwa kwa gundi hafifu.
Ukiufungua linakudondokea magotini.

Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Ya kwao hayakumwagika hata tone.
Yalizolewa, kwa bomba, kwa stakabadhi, kwa mhuri.
Sasa boza hupita Jumanne,
na mbwa wa kijiji wanajua mlio wake.

Saa kumi akaja bwana mmoja, viatu safi.
Hakufungua hata kimoja.
"Vyote," akasema. "Kiasi gani?"
Domitila alimtazama kwa muda mrefu,
mpaka nikadhani ameshikwa na kizunguzungu.
Kisha akahesabu sitini, moja baada ya nyingine,
akampa na sanduku.

"Umemuuzia!" nikamfokea bwana alipotoka.
"Unajua anakwenda kuvichoma?"
"Namjua. Hufunga na kufungua pampu ya shamba.
Laki moja na elfu ishirini," akasema, akilamba kidole.
"Nolasco! Karatasi ni bei gani?"

Nolasco alikuwa na mashine ya kudurufu,
ameileta kwa toroli la dukani lenye gurudumu bovu.
Wino uliobaki ulikuwa wa waridi.
"Mto wangu si wa waridi," Domitila akanung'unika,
na tope halikuwapo, na nakala ya mfano hakubakiza,
akachora upya kwa kumbukumbu, amenuna,
akafuta mwaka wa unywele mara nne.

Tulikunja. Walikunja mabondia waliokuja kudai ukumbi wao,
ngumi bado zimefungwa bandeji.
Alikunja bibi Eduvigis, aliyeingia kuomba choo tu,
na mikunjo yake ndiyo iliyonyooka kuliko yote.
Stepla yangu ilivunjika kwenye nakala ya mia na tisa;
tukarudi kwenye uzi.

Ukabaki ukurasa wa mwisho, mweupe.
Mtu akasema tukafagie vumbi nje.
"La hapa?" Domitila akacheka kwa mara ya kwanza.
"Hapana. Kila aliyekunja aandike
maji yake yanatoka wapi."

Ghala likanyamaza, kama darasani wakati wa mtihani.
Bondia mmoja akamchungulia mwenzake.
Bibi Eduvigis aliandika mistari mitano, bila kusita,
akitaja chemchemi, na kaka yake, na mfereji uliofukiwa.

Mimi, mchora paka, nikaandika: bombani.
Nikatafuta neno linalofuata.
Juu ya meza yangu, juu ya mgongo wa paka wa jalada,
palikuwa na vumbi kidogo la mchana ule.
Kalamu ilikuwa na wino wa kutosha.
Mezani wakaniita, nakala mia mbili zinasubiri,
nami bado niko pale pale, bombani.