Ijumaa kwa Kinyozi

Kesho saa saba mchana Wardell wanakuja,
na leo mji mzima umegundua una nywele ndefu.
Tangu asubuhi sijakaa.
Mkasi umeshika moto, sakafu imeota manyoya,
na kila kichwa kinachoinama mbele yangu
kina hesabu yake.

"Ishirini na nane kwa kumi," asema Orrin Sladek,
aliyeuza ng'ombe wawili akanunua tiketi nne
(mkewe ana habari za ng'ombe mmoja).
"Safu ya mbele mwaka huu ni ukuta, Delmar.
Umeyaona mabega ya yule kijana mpya?
Akikugonga, wewe ndiye unayeomba radhi."

Mwalimu Fern Dostal hataji idadi.
Kutaja, anasema, ni kuita nuksi.
Ila amevaa soksi zile zile za msimu wa ubingwa,
miaka kumi na tisa sasa, zimebaki nyuzi na imani,
na anataka nipunguze ncha, ncha tu,
nisije nikakata na bahati.

Mzee Leland Bruhn hasemi kitu.
Ana viti viwili, safu ya ishirini, tangu uwanja ulipokuwa wa mbao.
Cha pili kilikuwa cha nduguye, hadi Machi.
Kesho kitakaliwa na koti.

Nje wameshaanza kupanga magari,
moshi wa nyama unapenya chini ya mlango,
mabomba ya bendi ya chuo yanakohoa huko mbali,
wimbo ule ule, wakikosea pale pale.

Ndipo kengele ya mlango ikalia,
akaingia Tobin Vrbka.

Redio peke yake ndiyo iliyoendelea kusema.
Orrin akavichunguza viatu vyake
kana kwamba ameletewa vya mtu mwingine.

Maana hapana asiyekumbuka:
sekunde tatu, yadi thelathini na moja, tuko nyuma kwa pointi moja.
Mpira ukapaa vizuri, wallahi ukapaa vizuri,
ukagonga mlingoti wa kushoto
ukaturudia kama barua iliyokosa anwani.

Akakaa. Nikamfunga shuka.
Shingo ya mtoto bado,
na mstari mweupe kidevuni, ulipopita mkanda wa kofia kiangazi kizima.
Mwaka mzima nimemkata nywele
na mwaka mzima nimejifanya siku ile sikuwepo.
Nilikuwepo. Nilipanda juu ya kiti
nikamwita jina
ambalo mama yake, safu tatu mbele yangu, aligeuka kulisikia.

"Kesho unaonaje, Delmar?"
Mashine iko sikioni mwake. Mkono wangu ukasita.
Ningeweza kusema ishirini na nane kwa kumi.
Ningeweza kusema lile nililopaswa kulisema Novemba.
"Naona upepo wa kusini," nikasema,
"na masikio yako yatapata baridi."

Akacheka. Kidogo, lakini akacheka.
Akalipa, akatoka.

Hakwenda mbali.
Ng'ambo ya barabara, kati ya nguzo mbili za umeme,
alisimama, mikono mfukoni, akipima.
Hatua tatu nyuma. Mbili kushoto.
Mpira hakuna. Watu, alidhani, hakuna.
Mguu ukapita hewani.

Tulikuwa wote dirishani, kioo kimejaa pumzi zetu,
Fern na soksi zake, mteja mmoja nusu kanyolewa nusu bado.
"Imeingia," akanong'ona Orrin.
"Nyamaza wewe!"

Na Leland Bruhn, neno lake la kwanza tangu asubuhi:
"Imegusa mlingoti kwanza."

Hata hivyo tuliihesabu.