Impala, Moja kwa Ishirini na Tano

Karani wa posta alikata utepe, akachungulia:
"Hii ni nini, mzee Ndahani?"
Gari, nikasema.
Akacheka mpaka foleni nzima ikageuka,
kisha akaniandikia ushuru kama wa gari kweli.

Nikalibeba kwapani hadi Chang'ombe,
Impala la mwaka hamsini na tisa,
boksi likitoa mlio wa karanga
zilizokaukia kwenye maganda.

Nyumbani naziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu,
maana upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Mwezi wa nane hubeba vumbi la Ihumwa na la Kikombo,
ukaitafuta rangi mbichi utafikiri umetumwa.
Nangoja saa sita usiku, utulie.
Hapo ndipo navikata vipande kwenye vijiti vyake
kimoja kimoja, kama mvunaji wa zabibu
anayeogopa kuumiza shada:
bampa, taa za macho ya paka,
usukani mwembamba kuliko hereni ya mtoto,
na yale mabawa mawili ya nyuma.

Nawaza: huyu aliyelichora
alimwona wapi swala pala?
Mimi nimewaona, enzi zile nikikagua reli Saranda,
wakivuka njia ya treni mmoja baada ya mwingine
bila kugusa kokoto.
Hakuna aliyekuwa na bampa.
Lakini mgongo,
mgongo ameupata.
Ndio huu ninaoupiga msasa.

Damari hupita na bilauri yake ya maji:
"Magari ishirini na tatu kabatini,
na jana nimetoka Majengo na mahindi kichwani."
Sina jibu. Nina gundi vidoleni.
Nyekundu hii yenyewe ni yake, rangi ya kucha
iliyobaki kwenye harusi ya Foibe.
Anajua. Hajasema.

Usiku wa tatu nikahesabu magurudumu.
Matatu.
Nikapekua boksi, nikaikung'uta karatasi ya maelekezo,
nikapiga magoti chini ya meza na tochi mdomoni.
Matatu.
Kiwanda kiko ng'ambo huko,
na sina ulimi wa kukigombeza.

Ni yeye aliyevua kandambili,
ya kushoto, iliyolika kisigino upande mmoja.
"Kule Mvumi magari yenu ya waya
yalikuwa yanatembelea nini? Mawingu?"
Nikakata kwa wembe. Duara la kwanza likawa yai.
La pili nalo yai, la kuku mwingine.
La saba likakaa.
Nikalipaka masizi ya sufuria.

Sasa limesimama juu ya redio.
Kwa mbali halina kasoro.
Ukisogea, utaona gurudumu la nyuma, la kulia,
limekataa kung'aa kama wenzake,
na juu ya boneti, ndani ya rangi kabisa,
punje moja ya mchanga
iliyopenya sijui saa ngapi.
Nilishika msasa.
Nikauweka chini.

"Milango inafunguka?" Damari ameuliza.
Haifunguki. Imemiminwa pamoja na bodi.
"Basi aliyemo hatoki."
Ameinama, jicho moja amelifumba,
jingine analisogeza kwenye kioo cha mbele
nilichokikata kwenye chupa ya maji.
Amekaa hivyo muda mrefu
kwa mtu aliyeacha ugali jikoni.

"Kiti cha mbele ni kimoja, kirefu," amesema.
"Hakuna cha kumtenga mtu na dereva."
Kisha akarudi jikoni
na kandambili moja mguuni.