Juu ya Friji

Baba aliniambia: ndani.
Mimi nikaweka juu.
Ndani mlikuwa na sato wawili wa Mama,
wamejikunja, mkia umegusa mlango,
na mimi nilikuwa na miaka tisa, na mpira unaningoja
kwenye mteremko wa Mabatini.

Mkanda mmoja, picha thelathini na sita,
kopo jeusi lenye kifuniko cha kijivu,
linaenea kiganjani kama yai la kanga.
Nani angedhani kitu kidogo namna ile kinaugua?

Ilikuwa Septemba, vuli bado iko ng'ambo ya ziwa.
Bati la studio lilikuwa linalia, tak, tak,
kama mtu anayehesabu senti.
Na mawe ya Mwanza mnayajua:
hunywa jua mchana kutwa,
usiku huanza kulitema, polepole,
hata saa nane ukiegemea ukuta
unahisi kuna mtu ameketi upande wa pili.
Friji nalo, kumbe, likipoza samaki
joto lao hulimwaga mgongoni, likapanda juu.
Siku kumi na moja.

Baba alizoea kuwaambia wateja:
filamu ni ngozi.
Ukiipa mwanga, inakumbuka mwanga.
Ukiipa joto, inakumbuka mwanga ambao haukuwepo.
Gizani mle, kopo limefungwa,
inaota kumekucha.

Aliyekuja alikuwa Nyanjura, muuza dagaa wa Mwaloni,
magamba yakimetameta hadi viwikoni.
Alitaka moja tu, ile ya kumi na nne:
mwanawe Magesa, miaka minne, soksi zimepandishwa magotini,
nyuma yake pazia letu la maporomoko
ya mto usiokuwepo popote.
Walikuwa wamemzika Jumanne.

Baba akasafisha usiku uleule.
Dawa ya rangi hutaka nyuzi thelathini na nane,
si pungufu, si zaidi.
(Hiyo si dawa, Mama husema, hiyo ni homa.)
Nilimsikia chumba cha giza akihesabu dakika kwa mdomo,
kisha nikamsikia ameacha kuhesabu.

Nyeusi haikuwa nyeusi tena,
ilikuwa chai ya jana.
Buluu ilitangulia kufa, kijani ikafika nusu njia,
ikabaki nyekundu inatawala nyumba:
maporomoko mekundu, soksi nyekundu,
uso wa Magesa unawaka kutoka ndani,
umejaa chembechembe, kama uliochotwa mchangani.

Nyanjura aliitazama mpaka feri ya Kamanga
ikapiga honi, ikapiga tena.
"Alikuwa na homa siku ile," akasema.
"Nilimleta hivyohivyo, nilikuwa nimeshalipa."
Akagusa karatasi kwa mgongo wa kidole,
vile unavyompima mtoto.
"Mashavu yalikuwa hivi."

Ningependa kusema Baba alifarijika.
Hakufarijika.
Alimrudishia pesa yote pamoja na nauli,
akafungua daftari, akaandika kwa kalamu ya risasi:
Namba 14. Joto. Kosa letu.
Letu. Wala hakuniangalia.
Aliwatoa sato, akasugua friji kwa sabuni na limau,
na tangu hapo samaki kwetu huliwa siku ileile.

Miaka baadaye nilitumwa kwa Nyanjura, Kirumba.
Picha ilikuwa kabatini, katikati ya vikombe vya wageni,
mbali na dirisha. Sikuuliza.

Sasa hakuna anayeleta mkanda.
Tunauza vocha na makava ya simu,
pazia la maporomoko tumelifanya la bafuni.
Baba ana mtoto wa jicho, yote mawili;
husema huona watu kama wamesimama nyuma ya mvuke.
Lakini saa saba mchana, bati likianza senti zake,
huinua kichwa:
"Umeweka ndani?"

Umebaki mmoja, muda wake uliisha kitambo,
karibu na maziwa.
Nafungua, naugusa, una baridi.
Ndani, Baba.