Mkato Mmoja, Matundu Manne

Nimechora mstari katikati ya ukurasa.
Kushoto Nodari, kulia Otia:
wana wa mama mmoja, ugonjwa mmoja wa utumbo,
wa kurithi, daktari alisema, kama pua.
Baba hana safu. Alikufa kabla hajapimwa.
Mimi, dada yao, nilihesabu mifuko ya saruji
ghalani Kutaisi miaka thelathini na mmoja;
siwezi kuandika kitu nisikijumlishe.

Nodari alipasuliwa Agosti.
Mkato mmoja ulioanza chini ya kifua,
ukakizunguka kitovu kwa adabu, ukashuka.
Nyuzi ishirini na saba. Nilizihesabu mwenyewe
muuguzi alipobadilisha bandeji.
Siku kumi na moja kitandani.
Kikohozi kimoja kilimtoa machozi
mtu aliyewahi kung'olewa jino huku anacheka.
Na siku tano, ukoo mzima, shangazi na mashemeji,
tulitega masikio tukiungoja upepo wake mmoja tu,
ule ambao mezani tungeuonea haya.

Agosti iliyofuata ikawa zamu ya Otia.
Matundu manne, moja pale pale kitovuni,
mkunga alipofunga fundo la kwanza.
Wakamjaza hewa kama mpira, wakaingiza kamera,
na Daktari Tsiala akamsoma ndugu yangu kwenye kioo
saa tano. (Nodari: saa tatu. Naandika yote.)
Alipozinduka alilalamika bega.
Bega! "Wamekosea mahali," akasema.
Kumbe ni mabaki ya ile hewa,
mgeni aliyekosa mlango wa kutokea.
Siku ya pili alijamba, wodi ikapiga makofi.
Siku ya nne alivaa viatu vyake.

Njia ya mkato, watu husema, ni rahisi.
Haikuwa rahisi. Kile chombo kinachobana utumbo kwa pini,
kinachotumika mara moja kisha kinatupwa,
lari elfu moja na mia nane.
Nusu alilipa bima. Nusu alilipa Nisha,
ng'ombe wetu mwenye baka kwenye paji.

Lakini karani hafungi daftari hospitalini.
Mwaka wa Nodari tuliajiri vibarua wa mavuno,
naye akakaa juu ya kreti, mkono tumboni,
akiwafokea wasiojua kupanda mti uliobeba mzabibu.
Zabibu za juu zikaliwa na ndege.
Masika kovu likalegea, ngiri ikachungulia:
mshipi, nauli, kisu cha pili.
Mwaka wa Otia, wiki ya saba,
alipanda mwenyewe na kapu lake refu lenye ncha,
nami chini nikimtukana ashuke.
Nikajumlisha kushoto, nikajumlisha kulia.
Tofauti ni lari mia mbili na sitini.
Nisha alikaribia kurudi nyumbani.

Nikampelekea Daktari Tsiala hesabu yangu.
Akaisoma amesimama, miwani kichwani,
akaongeza mstari kwa kalamu yake:
tezi zilizotolewa, kumi na sita; kumi na saba.
Vipimo vya mwaka huu, wote safi.
"Saratani," akasema, "haijui
ilitolewa mlangoni au dirishani.
Nami siku damu ikinificha njia, nitafungua tumbo lote,
na usije ukaniandikia hiyo kama hasara."
Sikuwa na safu ya hilo. Nikaichora.

Jumapili, glasi ya tatu, Nodari hufunua shati.
Watoto husogea. Kidole chake hushuka polepole
kama mtu anayeonyesha barabara aliyoijenga:
"Hapa nililia. Hapa nilimwita mama."
Otia hutazama sahani.
Ana alama nne ndogo, kama ameumwa na mbu;
nani atamnyamazia meza kwa mbu?
Juzi aliniuliza, kwa sauti ya chini,
kama kweli na yeye aliugua.

Hiyo nayo ni gharama.
Nimeiachia nafasi kulia, bila tarakimu,
na chini kabisa, mahali pa jumla,
nimeandika jina la ng'ombe.