Penye Thamani

Duluth, mwaka wa kodi unafungwa kesho.
Marlys Okerlund ameshusha garini
kompyuta ya marehemu, printa,
na simu isiyoshika chaji.

Kijana wa ghala la hisani anagonga muhuri.
Penye thamani, patupu.
"Jaza mwenyewe, mama. Bei ya mtumba,
si ya dukani."

Mezani anakokotoa. Kompyuta: dola arobaini.
Anafuta. Thelathini na tano;
herufi E ilikwisha kulika
kwa kidole cha Einar, kila alfajiri.

Printa, sita.

Simu... kalamu inagoma.
Mle mna sauti yake, injini ikiunguruma:
"Nakaribia. Bandika kahawa."

Anaandika sufuri.
Anaikoleza wino mara ya pili,
isije serikali ikadhani
kwa hiyo nayo
anadai kupunguziwa.